ULIZA SHANGAZI: Ile "ngome" ya Great Zimbabwe ni ngome kweli?

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba nimepanda kilima cha Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, na magoti yangu haya, basi barua zikamiminika kama watu walikuwa wananisubiri mlangoni. Nimechagua sita. Wale mlioniuliza habari za wachumba, subirini mwezi ujao, leo tunapanda mlima.

Shikamoo shangazi. Mimi na mshkaji wangu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema pale kilimani ni ngome ya vita kama Fort Jesus tu, ila imewekwa juu ya jabali. Mimi nilisikia sio ngome. Nani anadaiwa soda? – Mbishi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Soda ni yako, ila mwachie mwenzio mafundo mawili matatu maana hajakosea kila kitu.

Ukisimama chini ukatazama juu hata wewe utasema ngome. Kilima cha granaiti kinapanda kama mita 80 kutoka bondeni, kileleni kuna majabali makubwa kuliko nyumba yameegemeana, na kwenye nafasi kati ya jabali na jabali watu wamejaza kuta. Ile njia ya kale ya kupandia kuna mahali inabana mpaka mnapita mmoja mmoja, jabali kulia, jabali kushoto, mkoba wangu ulikwaruza pande zote mbili, nikawaza hapa mtu mmoja na mkuki wake anazuia ukoo mzima. Ndo maana wazungu wa mwanzo wakapafananisha na ngome za Wagiriki wakapaita Akropolisi, na jina lenyewe likang'ang'ania kwenye ramani na vitabu miaka mingi.

Sasa ingia ndani ukague kama askari. Fort Jesus Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593 waliweka matundu ya mizinga na zile pembe zilizochomoza ili aliye juu amwone anayenyemelea chini ya ukuta. Great Zimbabwe tafuta kitu cha hivyo halafu uniandikie. Tundu la kurushia mshale hamna. Kuna kuta zinaanzia kwenye jabali, zinakwenda vizuri, halafu zinakwisha tu, adui anazunguka pembeni anaingia bila hata hodi. Na kubwa kuliko yote, ule ukuta mkubwa kabisa wenye mzunguko wa mita kama 250 na kimo kinachofika mita 11 hauko kilimani, uko chini bondeni! Mtu anayeogopa vita hawezi kutumia nguvu zote hizo kujenga mahali ambapo yeyote aliyepanda kilima cha jirani anamchungulia mpaka jikoni.

Kwa hiyo wataalamu wengi wanasema zile ni kuta za heshima na faragha, za kumtenga mkubwa na macho ya watu, ukipita nje ujue humu ndani kuna mtu. Kilimani walianza kukaa kama karne ya 11, na kawaida inasemwa ndo kulikuwa kwa mfalme na kwa ibada, chini kwa wengine, ingawa kuna wanaopinga wakisema makazi ya mfalme yalihama kutoka boma moja hadi jingine kila alipobadilika mtawala. Bado wanavutana na mimi sitawaamua.

Mwenzio akitaka ngome zenye sura ya ngome kweli, mwambie asogee mashariki mwa nchi hiyohiyo, milima ya Nyanga, kuna ngome ndogo za mawe vilimani, Nyangwe mojawapo. Mlango wake unaingia umeinama, na ukutani kuna vitundu vya kuchungulia. Zile alizijenga mtu mwenye wasiwasi.

Shangazi habari. Mwezi wa saba tutakuwa Harare kwa harusi na nataka kumpeleka mama akaone magofu. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tutaweza? Tuanzie wapi? – Binti wa kwanza, Mombasa

Njema mwanangu, na hongera kwa kumfikiria mama, wengine wanamwacha hotelini na televisheni.

Mtaweza, ila msijifanye mtakwenda na kurudi siku hiyohiyo kama mnakwenda sokoni. Harare mpaka Masvingo ni kilomita kama 290, halafu magofu yako kama kilomita 30 mbele, kusini mashariki. Laleni Masvingo au karibu na magofu, asubuhi mlango ukifunguliwa muwe mshafika. Jua likikaa utosini granaiti inageuka kikaango.

Mwezi wa saba kule ni baridi, sio utani, watu wa pwani tunadhani sweta ni pambo. Kuna manyunyu fulani yanakuja na ukungu wenyewe wanayaita guti, kilima kinapotea kabisa, halafu saa nne hivi kinaanza kutokea jiwe moja moja. Miezi hiyo ndo na mishubiri inatoa maua mekundu kwenye mawe, kwa hiyo mkikuta guti msinune, subirini tu. Bebeni dola za noti ndogondogo maana chenji kule ni mtihani, kadi za homa ya manjano msisahau, na raba zenye soli ya meno. Ndala ziacheni.

Kuhusu magoti. Kilimani kuna njia zaidi ya moja. Ile ya kale ni ngazi za mawe, imebana, inapanda kama imekasirika. Ile mpya inazunguka, ni ndefu kidogo lakini ina huruma. Mimi nilipanda kwa ya kale nikashuka kwa mpya, na ningekushauri hivyo hivyo wewe peke yako, sio mama. Wifi yangu niliyekwenda naye alifika robo ya njia akakaa kwenye jiwe akaniambia wewe nenda, utanisimulia. Hakupoteza kitu, nitakwambia kwa nini.

Chini bondeni, kwenye lile boma kubwa, ni tambarare. Na mambo yenyewe hasa yako pale. Mlango wake hauna kona kali, ukuta unajikunja pande zote mbili kama mgongo wa paka na ngazi zake nazo zimejikunja kwenda ndani. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikia, jiwe juu ya jiwe, kila moja ukubwa wa tofali hivi. Mwambie mama apitishe kiganja. Mawe ya ile sehemu nzuri yamepangwa kwa mistari iliyonyooka mpaka unatafuta kosa hulioni, na chini kabisa ukiangalia kuna vitundu vya kutoa maji ya mvua, maana fundi alijua maji yakituama ndani ukuta unatumbuka. Wifi alikuta kitundu kimoja akapiga magoti, magoti hayohayo yaliyokataa kupanda, akachungulia akaona mwanga upande wa pili.

Halafu kuna ule ujia kati ya ukuta wa nje na wa ndani, mrefu, mwembamba, unatembea huoni mbele wala nyuma ila mbingu kama utepe juu. Hapo watu wanaacha kuongea bila kuambiwa. Mkitokea mwisho mnakutana na ule mnara wa mawe, na ukitoka nje upande huo tazama juu kabisa ya ukuta, kuna urembo wa mawe yaliyopangwa zigizaga, mistari miwili. Wengi wanapita chini yake wakiangalia simu.

Malizieni makumbusho yaliyopo hapohapo. Kuna ndege wa mawe, wale mmoja wao yuko kwenye bendera ya nchi. Walipatikana wanane, wengi wao kule kilimani upande wa mashariki. Msitazame kwa haraka. Wana midomo kama ya mtu na miguu yenye vidole badala ya kucha, na mmoja kwenye nguzo yake kuna mamba anapanda. Mmoja aliuzwa kwa Cecil Rhodes, yule bepari wa Kiingereza, mwaka 1889, wengine wakaishia Afrika Kusini. Wanne walirudishwa mwaka 1981, na unajua walibadilishwa na nini? Mkusanyiko wa wadudu. Nyuki na nyigu waliokaushwa, wa makumbusho! Nilicheka peke yangu pale watu wakanigeukia.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wameona video huko mtandaoni zinasema Great Zimbabwe ilijengwa na Malkia wa Sheba, nyingine Wafoinike wa Lebanoni ya kale, nyingine viumbe wa sayari. Niwajibu vipi bila kugombana nao? – Ticha, Kakamega

Ticha pole. Usigombane nao, waambie hadithi ya penseli.

Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, Karl Mauch, alifika pale. Akakata kijiti kwenye boriti ya mlango, akanusa, akalinganisha na mbao ya penseli yake, akaona zinafanana. Penseli ilikuwa ya mwerezi. Basi akaunga: mwerezi unatoka Lebanoni, kwa hiyo aliyeuleta ni Wafoinike, kwa hiyo mwenye nyumba ni mwanamke mkubwa, kwa hiyo ni Malkia wa Sheba. Yaani penseli moja tu imezaa malkia! Na mti wenyewe ulikuwa wa misitu ya hukohuko. Waambie wanafunzi wahesabu ni "kwa hiyo" ngapi kwenye hiyo hoja, halafu waangalie ile video yao wahesabu tena.

Ila hapo usiishie kucheka, kuna sehemu inayouma. Mwaka 1902 akawekwa msimamizi wa magofu, Richard Nicklin Hall, mwandishi wa habari, sio mchimbaji wa mambo ya kale. Yeye akaamua uchafu wa Waafrika umefunika kazi ya watu wa kale, akaagiza udongo utolewe. Tabaka kwa tabaka, vigae, sakafu za nyumba, vyote vikazolewa vikatupwa nje kama takataka, na hivyo ndo vilikuwa ushahidi wenyewe. Mwenye shauku ya kujua nani aliishi humu alikuwa anaizoa anuani kwa koleo. Akaondolewa 1904 lakini ameshamaliza.

Mwaka uliofuata, 1905, akaja David Randall-MacIver, huyu amesomea. Akachimba pale palipobaki, akasema vitu vyote hivi ni vya Waafrika na ni vya enzi za kati, sio vya Biblia. Walowezi wakamkasirikia. Ikabidi 1929 aje Gertrude Caton-Thompson naye achimbe upya, na jibu likawa lilelile. Ungedhani yameisha. Wapi! Rhodesia, ndo jina la nchi enzi hizo, miaka ya sitini serikali haikutaka kusikia kwamba mtu mweusi alijenga mji, maana ukikubali alijenga unamwambiaje hawezi kuongoza? Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa mambo ya kale, alisema ukweli huo mpaka akaona bora aondoke nchini mwaka 1970. Halafu 1980 nchi ikapata uhuru ikachukua jina la magofu. Kwa hiyo video za wanafunzi wako sio mpya hata kidogo, ni maneno ya zamani yamewekewa muziki.

Wakikuuliza waliishi watu wangapi, vitabu vya zamani vinasema mpaka 18,000, utafiti wa miaka ya karibuni unasema haikuwahi kuzidi 10,000. Wengi vilevile, kwa mji usio na bomba.

Na jina lenyewe wape kama zoezi la lugha. Kishona, lugha ya wenyeji, wanasema dzimba dzamabwe. Dzimba ni nyumba. Mabwe je? Sisi tuna mawe, na watoto waliokua na michezo ya mbwe, zile kokoto, watanyoosha mkono kabla hujamaliza kuuliza. Wapo pia wanaosema jina limetokana na dzimbahwe, nyumba za wakubwa. Vyovyote vile hapo hamna Kifoinike.

Ule mnara ndani kuna dhahabu? Jamaa yangu anasema serikali inaficha. – Mdadisi

Hamna kitu. Ni mawe matupu mpaka katikati, kimo kama mita 10. Wawinda hazina walishang'oa mawe wakachimba mpaka chini ya msingi wakatoka na vumbi. Wengi wanauona ni alama ya ghala la nafaka, kwamba mfalme ndo mwenye chakula. Mwambie jamaa yako angekuwa na njaa angeelewa kwa nini ghala ni bora kuliko dhahabu.

Assalam aleikum shangazi. Sisi watu wa pwani hayo magofu yanatuhusu nini? Yako bara kabisa na hata bahari hawaioni. – Kijana wa Kilwa

Waaleikum salaam. Wewe mtu wa Kilwa ndo unaniuliza hivi? Ungekuwa mbele yangu ningekuvuta sikio.

Kwenye magofu yale iliokotwa sarafu ya shaba ya kwenu, ina jina la sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyohuyo aliyejenga Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la Kilwa, huyohuyo aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Sarafu ndogo haifiki ukubwa wa ukucha wa dole gumba, imetoka Kilwa, ikashuka na jahazi mpaka Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, halafu mtu akatembea nayo kuingia bara wiki kadhaa. Kwenda huko alipeleka nguo na shanga, kurudi alileta dhahabu na pembe. Waliochimba wakakuta pia vyombo vya China vya rangi ya kijani na bakuli la Kiajemi. Kwani unadhani Mchina alipita wapi? Amepita mlangoni kwenu, na kodi amelipa.

Kwa hiyo ukienda Husuni Kubwa ukashangaa yale mabwawa na nguzo, jua sehemu ya gharama ilitoka kwenye kilima kile. Na ukiwa juu ya kilima kile upepo wa asubuhi unapiga kutoka mashariki, iliko Sofala. Nilisimama nikautegea uso. Bahari huioni kweli, ila mimi nilijihisi kwa shangazi yangu.

Magofu ya pale yaliachwa karne ya 15, mji ukapungua. Sababu wanataja nyingi, malisho na kuni kuisha, biashara kuhamia kaskazini upande wa Zambezi. Wengine wakaenda wakajenga Khami karibu na Bulawayo, kuta zake zimepambwa kama mkeka wa miraba. Ukipata nauli ya pili nenda na huko, watu ni wachache, unasikia nyayo zako.

Shangazi mambo, kuna ruhusa kupanda juu ya ukuta nipige selfi? Nimeona mtu kapiga imetoka kali sana. – Slay wa Arusha

Poa. Hapana. Mawe hayajashikwa na kitu, jiwe linashikwa na uzito wa mwenzake tu, ukilisogeza moja kwa kiatu umeyasogeza na usiyoyaona. Kuna sehemu ukuta umevimba tumbo na unasubiri tu wa kumsingizia.

Picha kali unayoitaka panda kilimani, kwenye boma la magharibi, geuka nyuma utazame bondeni. Lile boma kubwa lote linaingia kwenye fremu, mviringo mzima, na watu waliomo wanaonekana kama mchwa. Kuna pango huko juu wenyeji wanakwambia ukiongea hapo aliye kwenye boma kubwa chini anasikia. Nilimwita wifi kwa jina lake kamili, na la baba yake. Alinijibu nyani.